Mtoto Huyu Atafuatwa Lini?

Hotuba ya mama mlezi wa kituo cha kanisa cha kulelea watoto, aliyoitoa kwenye harambee pembezoni mwa Jiji la Dodoma

Bwana Yesu asifiwe! Mbukwenyi!

Mheshimiwa mgeni rasmi, Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, mama zangu wa Umoja wa Wanawake, wajumbe wa bodi, jirani zetu Waislamu mliokuja leo na mchele wenu kama mnavyokuja kila Idi, na ninyi wanangu mliokaa pale chini ya mwarobaini: nawasalimu nyote.

Kadi ya mwaliko inasema tumekuja kuchangia ujenzi wa bweni la pili. Mchoro wake mmeuona, umebandikwa pale mlangoni, mzuri kweli, una veranda. Bodi ya kituo ilikaa Jumamosi iliyopita mpaka taa zikawashwa, na imenituma nisimame mbele yenu niseme kwamba bweni la pili hatutalijenga. Aliyeahidi mifuko ya saruji ana haki ya kuichukua ahadi yake, na hatutamnung'unikia. Ila naomba kila mmoja anisikilize kwanza, kisha aamue.

Nianze na bibi yangu, mzaa mama. Alizaliwa Mvumi kabla ya ile vita ya Wajerumani na Waingereza. Wagogo wenzangu mnajua kilichofuata. Majeshi yalipita yakachukua ng'ombe, yakachukua nafaka, yakachukua wanaume wa kubeba mizigo, kisha mvua nayo ikakataa. Njaa ile ya mwaka 1917 hadi 1920 wazee wetu waliiita Mtunya. Bibi alikuwa wa miaka sita au saba. Baba yake alimshika mkono wakatembea hadi Ukaguru, kwa watu waliokuwa bado na chakula, akamwacha huko akarudi peke yake.

Bibi alikuwa akitusimulia habari hiyo jioni, tukipepeta uwele. Njaa yenyewe hakuisimulia sana. Alichokisimulia kwa kirefu, kila mara, ni asubuhi moja baada ya misimu miwili ya kilimo, alipomwona mtu anakuja kwa mbali, mwembamba, anavuta mbuzi kwa kamba. Mbuzi yule alikuwa wa kuwashukuru wenyeji. Mtu yule alikuwa baba yake. Bibi alikuwa ameanza kuchanganya lugha, maneno mengine ya kwao yalishamtoka, lakini alipoitwa jina lake aliitika. Na kila alipofika hapo alisema neno moja, akanyamaza: "Nilifuatwa."

Mtoto anapoletwa kituoni kwetu tunajaza fomu. Jina, umri, kijiji, kata, aliyemleta, hali ya afya, chanjo, kadi ya kliniki kama ipo, cheti cha kuzaliwa kama kipo. Kwa miaka mingi fomu ile haikuwa na mstari unaouliza: mtoto huyu atafuatwa lini, na nani? Mimi mwenyewe, mjukuu wa mtoto aliyefuatwa, nilijaza fomu zile na sikuona kwamba kuna kitu kimekosekana.

Msinielewe vibaya kuhusu waliokianzisha kituo. Nilikuwapo, nilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000 nikiwa muuguzi. Miaka ile tulizika sana. Mnakumbuka. Baba anakufa, mama anafuata, bibi anabaki na wajukuu watano, sita, na wengine wanaumwa. Masista na mapadri wa Kijiji cha Matumaini hapa Dodoma walifungua milango yao wakati huohuo kwa watoto walioishi na virusi vya UKIMWI, kwa sababu haja ilikuwa imejaa barabarani. Kanisa lilifanya lililopaswa kufanyika. Tungeweza kuulizwa mbinguni kama tusingefanya.

Halafu mambo yakabadilika. Mwaka 2004 nchi yetu ilianza kutoa bure dawa za kufubaza virusi. Haikuwa siku moja, foleni zilikuwa ndefu na dawa zilianzia hospitali kubwa, lakini kadiri miaka ilivyokwenda niliona kwa macho yangu akina mama waliokuwa wameletwa kwa machela wakirudi kliniki kwa miguu yao, wamebeba watoto wao wenyewe mgongoni. Misiba ya wazazi vijana ikapungua. Watoto kituoni hawakupungua. Na sisi tuliokuwa tunapika, tunafua, tunaogesha, hatukupata nafasi ya kukaa chini tujiulize kwa nini.

Tulipata nafasi hiyo mwaka jana, likizo ya Juni. Nilikaa na mwenzangu wa ustawi wa jamii tukafungua mafaili yote, moja baada ya jingine, siku nne. Waliofiwa na baba na mama wote wawili niliwahesabu kwa vidole vya mikono yangu, na vidole vilibaki. Wengine wote wana mtu. Ana mama, au ana baba aliyekwenda Kiteto kutafuta vibarua vya shamba, au ana shangazi, na zaidi ya wote ana bibi. Na karibu kila faili lenye bibi ndani yake lina barua ya mtendaji wa kijiji yenye muhuri, inayosema "kaya haina uwezo". Maneno hayo matatu ndiyo yaliyomtoa mtoto nyumbani.

Mwenzangu akaniambia, mama, angalia tarehe za kupokelewa. Nikaangalia. Januari, Februari, Machi. Januari, Machi, Februari. Sisi wa huku tuna mvua moja tu kwa mwaka, inaanza Desemba na ikifika Aprili imekwisha, na ikichelewa au ikikatika katikati, uwele na mtama hubaki kimo cha goti. Kwa hiyo mwezi wa kwanza hadi wa tatu ndiyo miezi ambayo shamba ni kijani na chungu ni kitupu. Watoto wale hawakuletwa kwetu na misiba. Wameletwa na ghala lililoisha kabla ya mavuno. Mavuno yakaja Mei, yakaja Juni, na hakuna aliyewafuata, kwa sababu sisi hatukusema kwamba wanaweza kufuatwa.

Sasa niwaambie habari ya mtoto mmoja. Nimeomba ruhusa kwake na kwa bibi yake, na jina sitalitaja.

Mnajua tunavyosemwa sisi watu wa Dodoma huko Dar es Salaam. Mtu akimwona kipofu ameketi kando ya barabara na mtoto ameshika ncha ya fimbo, anasema, huyo Mgogo. Nimeyasikia maneno hayo kwenye basi, nimeyasikia hospitalini, na kila mara yananiumiza, maana nyuma ya fimbo ile kuna magonjwa yenye majina na yenye tiba. Kuna vikope, trakoma, unaosambazwa na nzi, na mikono, na kile kitambaa kimoja cha kumfutia uso kila mtoto wa nyumba, mahali ambapo maji ya kunawa lazima yafuatwe mbali. Unarudi na kurudi tangu utotoni mpaka kope zinageukia ndani na kulikwaruza jicho. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto wadogo mchana kutwa. Na kuna mtoto wa jicho, ambao mara nyingi huja na uzee, ule ukungu mweupe unaofunika mboni polepole.

Mtoto wangu huyu alikuwa wa miaka tisa hivi. Wasamaria wema walimkuta mjini, karibu na soko la Majengo, akimwongoza bibi yake kwa fimbo. Hawakuwa na nia mbaya. Waliona mtoto asiyesoma, wakapita ofisi zote zinazotakiwa, karatasi zikakamilika, akaletwa kwetu. Bibi akapewa nauli ya kurudi kijijini, Chamwino. Sisi tulimpokea mtoto kama tunavyopokea: tukamnyoa, tukamwogesha, tukampa sare, tukampa kitanda cha karibu na dirisha.

Usiku wa tatu nilikuwa zamu. Nikasikia kitu mlangoni mwa bweni, nikaenda na tochi, nikamkuta amesimama anapapasa ukutani, amelala nusu. Nikamuuliza, "Unatafuta nini, mwanangu?" Akasema, "Fimbo."

Nilimrudisha kitandani, nikamfunika. Ilipita miezi saba kabla hatujakwenda kwa bibi yake. Miezi saba, ndugu zangu. Nyumba yake ni tembe ya zamani, imeinama upande mmoja. Tulimkuta ameketi kivulini, na kutoka mlangoni mpaka chooni kulikuwa na kamba ya katani iliyofungwa kwenye vijiti. Jirani ndiye aliyemfungia, ili aweze kwenda na kurudi. Tulikuwa tumemchukua mtoto, na macho ya bibi tukayachukua pamoja naye. Nilimsalimia. Akanishika mkono, akauliza, "Anakula?" Nikasema anakula, mama. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Nilidhani amekufa na mnaogopa kuja kuniambia."

Mimi ni muuguzi, kwa hiyo nikamwomba aelekeze uso kwenye mwanga. Tukampeleka hospitali ya Mvumi, kwenye idara ya macho. Daktari akamulika, akasema huyu mama ana mtoto wa jicho, pande zote mbili, tumfanyie upasuaji jicho moja kwanza. Upasuaji wenyewe haukuchukua hata saa nzima. Gharama yote, yaani mafuta ya gari, chakula cha aliyemsindikiza, dawa za matone, pamoja na kadi ya CHF iliyoboreshwa, ile bima ya afya ya jamii, ambayo wakati ule ilikuwa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka, haikufikia tunachotumia kumtunza mtoto mmoja kituoni kwa muhula mmoja.

Mjukuu tulimleta siku ya kufungua bandeji. Nimelitamka jina la ugonjwa ule maisha yangu yote ya kazi bila kulisikiliza. Mtoto wa jicho. Wauguzi wakaiondoa bandeji, bibi akapepesa, machozi yakatoka, akamtazama mvulana aliyesimama mbele yake na sare ya shule. Akasema, "Umekuwa mrefu."

Yuko nyumbani sasa, yuko darasa la sita katika shule ya msingi ya kijiji. Fimbo wameitundika ukutani. Bibi hakukubali itupwe.

Baba Mchungaji, uliponifundisha kipaimara ulituambia tusisome neno moja tukaacha la jirani yake. Katika Torati kuna agizo kwa mwenye shamba la mizabibu, kwamba akivuna asirudi kuokota yaliyobaki, ayaache kwa ajili ya mgeni, na yatima, na mjane. Sisi Dodoma tunalijua shamba la zabibu. Tunavuna mara mbili kwa mwaka, Hombolo, Mpunguzi, Makutupora. Wengi wenu hapa mnalipia ada za watoto kwa zabibu. Nimelisikia agizo lile miaka na miaka nikisikia "yatima" peke yake. Lakini yatima na mjane wametajwa pamoja. Wanakuja shambani pamoja, wanaokota pamoja, wanarudi jioni nyumbani kwao pamoja wakiwa na kikapu chao. Haikuagizwa popote kwamba mwenye shamba amchukue yatima amlishe kwake, na mjane aachwe kwenye kamba ya katani. Na Zaburi ya 68, ile inayomwita Mungu baba wa yatima, mstari unaofuata unasema Mungu huwakalisha wapweke nyumbani. Nyumbani.

Sitaki mtu aondoke hapa akidhani kumrudisha mtoto ni kumpakia kwenye gari. Kuna binti tulimrudisha vibaya, na mimi ndiye niliyesaini. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yake alikuwa ameoa tena, akasema anamtaka mwanawe, tukafurahi, na wakati huo vitanda vilikuwa vimejaa. Tulimpeleka Desemba, siku mbili kabla ya Krismasi, na begi na godoro jipya. Hatukuzungumza na mama wa kambo peke yake. Hatukwenda kumwona mwalimu mkuu. Hatukurudi Januari, na Januari ndiyo chungu kitupu, nimeshawaeleza. Machi alikuwa ameshapelekwa Dar es Salaam kufanya kazi za ndani kwa watu tusiowajua. Ilituchukua mwaka mmoja na nusu kumpata. Yuko nasi tena, anasoma ushonaji, na ananiita mama. Ila akilala anaweka viatu chini ya mto.

Kwa hiyo sasa hatumpeleki mtoto kabla ya kuitembelea kaya mara tatu, na moja ya ziara hizo lazima iwe kati ya Januari na Machi, tuone chungu kinavyokuwa wakati huo. Tunakaa na mwanamke wa nyumba peke yake. Tunamwona mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kitongoji, na jirani mmoja atakayekubali kupiga simu akiona jambo. Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anakuwa nasi, na faili haliendi kabatini mtoto akishafika. Linaendelea kufunguliwa kwa miaka miwili. Kazi hii inakula mafuta ya pikipiki kuliko mnavyofikiri.

Kwa watoto wachanga jambo hili ni gumu zaidi. Mama anafariki akijifungua, na baba anakuja na kichanga kwenye kanga kwa sababu kopo la maziwa ya unga limemshinda. Huyo tutampokea, usiku au mchana, hilo halibadiliki. Lakini nimejifunza kitu kutoka Berega, mkoani Morogoro, kwenye kituo cha kanisa: kichanga anapokelewa pamoja na binti wa ukoo wake, shangazi au dada, anayeishi pale na kumlea kwa mikono yake, na siku mtoto akiweza kula chakula cha nyumbani wanaondoka wote wawili. Mtoto anarudi akiwa na mtu anayemjua harufu yake. Tumeanza hivyo. Tuna chumba kimoja tu cha mabinti, na badala ya bweni zima la kwenye ule mchoro, naona fundi anaweza kutupatia vyumba viwili vya namna hiyo kwa gharama ndogo.

Labda kuna anayejiuliza, mama, huko nyumbani wanakula mlo mmoja, hapa wanakula mitatu, kwa nini uwaondoe? Swali hilo ni la haki, nami nimelijibu mbele ya bodi. Nikawaeleza habari ya kijana wetu mmoja, wa kwanza kwanza, aliyekulia hapa tangu akiwa na miaka minne. Kijana mzuri, fundi umeme, ana kazi. Alipata mchumba, akanijia, akaniomba nimtafutie wazee wa kupeleka posa. Nikawaomba wazee wawili wa kanisa, wako hapa, mnajijua. Wakaenda. Wazee wa upande wa binti wakauliza kama wazee wanavyouliza: kijana ni wa ukoo gani? Mjomba wake ni nani? Babu yake amelala wapi? Wazee wetu hawakuwa na la kujibu. Kijana alikuwa nje, anasikia.

Tulipofungua faili lake tukakuta jina la kijiji. Bahi. Mwendo usiofika saa mbili kwa gari. Tulikwenda naye, tukamkuta mjomba wake hai, mzee kabisa, aliyekuwa akiuliza habari zake kila mwaka kwa mtendaji, mpaka mtendaji akahamishwa. Mama yake mzazi alikuwa amefariki miaka mitano nyuma. Tulipofika kaburini kijana alipiga magoti akaanza kuokota magugu, akayaokota yote, hakusema kitu. Miaka mitano. Tulikuwa tunamlisha milo mitatu.

Na kuna mambo madogo ambayo hayaonekani kwa mgeni. Mtoto anayekulia kwenye sufuria la watu hamsini hajui kwamba unga huisha. Hajawahi kumwona mtu mzima akipima unga kwa bakuli akifikiria kesho. Hajui kuwasha kuni zenye unyevu, kumsikiliza muuza nyanya, kuombwa chumvi na jirani, kukaa msibani. Mlenda anakula, lakini hajui unachumwa wapi. Tunawalea kwa upendo, namshuhudia Mungu juu ya hilo, na dada zangu walezi wanaamka saa kumi alfajiri. Lakini walezi hubadilishana zamu, na mtoto mdogo anamhitaji mtu asiyekuwa na zamu.

Sheria nayo iko upande huu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi wake au walezi wake, na Mwongozo wa Umoja wa Mataifa wa mwaka huohuo kuhusu malezi mbadala unasema umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi. Kituo kiwe mlango wa mwisho. Hilo lilitakiwa kutuongoza tangu zamani.

Niseme kidogo kuhusu wageni wetu. Tangu Serikali ihamie Dodoma wageni wameongezeka, Mungu awabariki. Mnakuja na mchele, mafuta ya kupikia, sabuni za miche, soda, biskuti. Mnaimba na watoto, mnapiga picha, mnaondoka. Kituo kiko karibu na lami, ndiyo maana kinafikika. Bibi hayuko karibu na lami. Kwa hiyo misaada inasimama hapa, na mtoto anaifuata misaada, na mwisho inakuwa kwamba ili mjukuu ashibe, sharti bibi amtoe. Hatukupanga iwe hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa, na mimi siwezi kuendelea kupokea gunia la mchele mlangoni nikijua gunia hilohilo lingemwacha mtoto kwao. Na picha, nawaomba, ziishie leo. Mtoto aliyeketi pale atakuwa mtu mzima, mwalimu au diwani, na picha ya uso wake akipokea sabuni itakuwa bado iko kwenye simu za watu.

Wapo ambao hawatarudi. Kuna mtoto aliyekutwa kwenye boksi kando ya barabara ya Singida, na polisi walitafuta na redio ilitangaza na hakuna aliyejitokeza. Kuna watoto ambao nyumbani ndiko walikoumizwa, na mahakama imesema wasirudishwe, nami nakubaliana na mahakama. Hao bweni lililopo litawatosha, tukilikarabati paa. Lakini hata kwao nina ombi, na hili nalielekeza kwenu wanandoa mnaokaa mbele. Malezi ya kambo, yaani kumlea kwako kwa muda mtoto wa mwingine, yapo kisheria; kuasili, yaani kumfanya awe mwanao kabisa, kupo kisheria. Fomu mnaanzia ofisi ya ustawi wa jamii ya jiji, watakuja kwenu, watakagua nyumba, watawauliza maswali mengi mpaka mchoke, na ni vizuri wawaulize. Katika usharika huu kuna nyumba zenye vyumba vitupu tangu watoto waende vyuo. Nimezihesabu nikipita.

Sasa ninachoomba. Fedha za leo ziingie kwenye mfuko wa kaya, utakaosimamiwa na bodi pamoja na wawakilishi wenu watatu mtakaowachagua leo kabla hatujafunga. Mfuko huo utanunua magunia ya mtama na uwele mwezi wa sita, wakati bei iko chini, tuyahifadhi tuyapeleke Januari. Utanunua mbegu ya mtama ya Macia, inayokomaa mapema, ili mvua ikikatika mapema isikute shamba bado changa. Utatoa bati mahali tembe inavuja, mbuzi jike wawili mahali pana mtu wa kuchunga, nauli ya kwenda RITA kumtafutia mtoto cheti cha kuzaliwa, maana asipokuwa nacho kila dirisha la ofisi linamrudisha. Ada ya shule ya msingi ilikuwa imeshafutwa, na ya sekondari hadi kidato cha nne Serikali iliifuta tangu Januari 2016, lakini sare, madaftari na viatu havikufutwa, na mtoto wa shule akikosa viatu hukaa nyumbani kwa aibu. Kaya inayostahili kuingia kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya masikini, tutakwenda nayo kwenye mkutano wa kijiji tuseme. Mambo mengine hayahitaji fedha zetu, yanahitaji mtu wa kusimama pamoja na bibi mbele ya meza.

Mama zangu wa Umoja wa Wanawake, kwenu nina neno la pekee. Kila jumuiya ichukue kaya moja. Kuchukua nikimaanisha kuijua: mjue jina la bibi, mjue ana mbuzi wangapi, mjue goti lipi linamuuma. Mwende mara moja kwa mwezi. Msiende na bango.

Fomu yetu mpya iko pale mezani, mwenye kutaka aisome. Mstari wa kwanza baada ya jina la mtoto unauliza: atafuatwa na nani, na lini. Kama hakuna jibu, mtu wa kituo ndiye anayeandika jina lake mwenyewe, kwamba atalitafuta jibu. Kwenye mafaili kumi na moja jina lililoandikwa hapo ni langu.

Jumanne tunawapeleka ndugu wawili, kaka na dada, kwa shangazi yao Chipanga. Ni safari ya nne, ile ya kubaki. Shangazi amepiga simu jana jioni kuuliza kama yule mdogo bado anaogopa mbwa, maana amemfunga. Gari linaondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi. Dereva, mimi, afisa ustawi na watoto. Zinabaki nafasi mbili. Ningependa wakae humo watu wawili kutoka usharika huu, ili njia ya Chipanga iwe na watu wengine wanaoijua zaidi yangu. Anayekuja aje na maji ya kunywa na kofia, na amwambie katibu jina lake kabla ya chakula.

Ahsanteni sana. Bwana asifiwe.